Siku Isiyo na Nyundo

Siku sita nayapiga.
Nakaa chini ya kibanda cha makuti, hapa Micheweni,
nayagonga mpaka yawe kokoto.
Shaame anakuja na lori, anahesabu madebe.
Hesabu yake daima inakosa debe moja,
na debe hilo daima ni langu.

Ijumaa, nikishasali alfajiri,
naiacha nyundo nyuma ya mlango,
nayaendea mawe mikono mitupu.

Njia inaanza pale muhogo unapokata tamaa.
Kutoka hapo ni maweni mpaka Kiuyu:
mawe yenye meno, mawe yenye masikio,
mkwamba unaokushika nguo kama anayekudai.
Hakuna kivuli hata cha kukopa.
Nimevaa katambuga za mpira wa gari,
na hizo nazo jiwe huzijaribu kwanza.

Bikombo huniuliza: unafuata nini kule?
Kuni? Asali? Au una mtu?
Siku moja nilimjibu, chumvi.
Akanisindikiza kwa macho wiki tatu.
Ukweli hauna jina zuri la kumpa jirani.

Ukweli ni kwamba maweni hapawaziki la jana.
Ukiwaza ada ya skuli, unajikwaa.
Ukimuwaza aliyekuacha, unachanika kifundo.
Weka mguu.
Subiri.
Pumua.
Ondoa.

Nilianza na tasbihi mkononi.
Uzi ukakatika kwenye panda ya pili,
shanga tisini na tisa zikaingia mianyani.
Nilizipata kumi na nne, nikacheka peke yangu.
Tangu hapo nadhukuru kwa nyayo,
na hesabu ikinipotea, naiacha ipotee.

Kuna kishimo kisichozidi sahani,
mvua ikinyesha hubaki na maji siku nne.
Nikifika nachutama. Sinywi.
Ukingoni mwake, ndani ya jiwe lenyewe,
limo kombe, mistari yake yote timamu,
la chaza aliyekufa kabla mtu hajaitwa mtu.

Kumbe hili lilikuwa tope.
Lilikuwa laini.
Palikuwa bahari hapa koo linaponikauka.

Niliweka kiganja juu yake,
kiganja chenye sugu za miaka kumi na mmoja,
nikafumba macho,
na sikujua lipi ndilo jiwe.

Sikuona nuru. Sitasema uongo siku ya Ijumaa.
Nilipata kiu, na kisigino kinachovuja damu,
na kimya kikubwa hata nikasikia
kope zangu zinavyogusana.

Jumamosi nikaliinua la kwanza,
nikaligeuza pande zote kama anayenunua papai,
nikasema bismillahi,
nikalitaka radhi,
nikapiga.

Shaame alikuja saa tisa.
Madebe nilimhesabia mimi.