Fomu Yenye Nafasi Tatu

Nilikuwa darasa la nne, na Kiswahili changu
kilikuwa cha kukariri, kama mara sita.
Lakini ng'ambo ya mto, upande wetu wa Butere,
hapakuwa na mwingine wa kuwasomea.

Barua zilishuka na treni ya Alhamisi.
Karani wa chifu alizitenga kwa rangi ya bahasha.
Nyeupe: mwanao anakusalimu, ametuma shilingi kumi.
Kahawia: nendeni mkamwite yule mtoto.

Fomu ilikuwa imepigwa chapa,
wino wa mkono umeingia katika nafasi tatu tu,
jina, namba, tarehe.
Maneno mengine yote yalikuwa tayari,
yakimngoja yeyote.

Rasoa alikuwa anapura wimbi. Hakuacha.
"Soma," akasema, "masikio hayapuri."
Nikasoma kwa sauti ya shuleni:
Serikali inasikitika kukuarifu
ya kuwa Petro Shindo amepotea vitani
katika jangwa la kaskazini.

Fimbo ikabaki juu.

"Shindo ni nani? Wangu ni Shiundu."
Nikamwonyesha namba. Namba ilikuwa yake,
ileile aliyoiandika mlangoni kwa makaa
kwenye likizo yake ya mwisho,
ili wadogo zake wajifunzie tarakimu.

Akakaa chini.
Kwetu kinachopotea ni ndama, ni jembe,
ni mtoto siku ya soko,
na kilichopotea hutafutwa.
"Nani alikuwa naye mwisho? Walikuwa wanaelekea wapi?
Hilo jangwa ndilo nini, pori?"
Nikasema ni mchanga mtupu, hakuna hata kichaka.
"Basi ataonekana upesi."

Sikuwa na jibu. Nilikunja fomu, nikaikunjua,
nikaikunja tena pale pale ilipokunjwa na wenyewe.

Mkwewe, bibi kizee, alikuwa ndani jikoni,
akasema bila kutoka:
"Vita vya kwanza havikuwa na karatasi.
Mume wangu alichukuliwa kubeba mizigo.
Wenzake walianza kurudi, wembamba kama mabua.
Wakifika pale njia inapogawanyika,
wanaliona boma letu, wanakata kupitia mashamba ya watu
ili wasinisalimu.
Nikawahesabu. Alipokwepa wa kumi na moja,
nikaomba wembe."

Kukawa kimya. Kuku akaja akadonoa wimbi,
hakuna aliyemfukuza.
Rasoa akaitazama karatasi mkononi mwangu,
akaiuliza yenyewe, si mimi:
"Na huyo Mjerumani wanayepigana naye, akipotea,
mamake husomewa na mtoto wa nani?"

Mwaka mzima alienda stesheni kila Alhamisi
na viazi vitamu katika jani la mgomba.
Hakwenda kungoja, alikwenda kuuliza.
Askari yeyote aliyeshuka alisimamishwa:
ana matege kidogo, ana kovu la moto hapa,
akicheka hufunika mdomo.
Walikula viazi. Walisema jangwa ni kubwa, mama.

Kisha ikaja bahasha ya pili.
Karani alinipa nikiwa natoka shule,
akanifungulia yeye mwenyewe, akanionyesha mstari.
Mstari ulikuwa mfupi kuliko ule wa kwanza,
na neno lake nilikuwa nalijua.

Nikashika njia. Nikafika pale inapogawanyika.
Nilimwona kwa mbali, ameinama, anapalilia,
na kofia ya mwanawe kichwani kwa ajili ya jua.

Mtama wa jirani ulikuwa umenipita kimo.
Niliingia humo. Majani yalinikata mikono.
Sikugeuka, kwa hiyo sikujua
kama aliinua kichwa.

Jioni ndipo nilipopata moyo wa kubisha.
Alikuwa amekaa kando ya moto,
kofia iko magotini,
na kichwa kimenyolewa, kinang'aa kama chungu kipya.
Nikanyosha bahasha. Nikakohoa, ili nianze.

"Iweke hapo," akasema.
"Umeshanisomea mchana."