Vumbi Kwenye Vijiko

Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja.
Alden aliusoma wote, amesimama kaunta,
miwani puani, kidole kikifuata mstari kwa mstari,
huku foleni nyuma yetu ikikohoa.
Miaka thelathini na minane alikagua madai ya bima kule Dakota:
ghala lililoungua, ngano iliyopigwa na mvua ya mawe,
na hakuna mkulima aliyempita na uongo.
Ukurasa wa saba: gari hili lisiingizwe barabara ya changarawe.
Akatia sahihi kama mtu anayekula kiapo.

Siku sita, kisha meli.
Meli niliitaka mimi, shuka zake, ngazi zake za vioo.
Yeye alitaka kwanza nyumba yenye magurudumu,
kitanda juu ya usukani,
choo cha kuingia kinyumenyume.

Siku ya kwanza kila kitu kililia:
vikombe, bawaba, kifuniko cha sufuria.
Usiku pampu ya maji ilikoroma kama mgeni asiye na haya.
Pale Wasilla alikanyaga breki,
mayai manane yakaiaga friji.
Tukacheka.
Sikumbuki lini tena tulicheka juu ya hasara.

Siku ya tatu, Cantwell. Tumejaza mafuta.
Kibao kinasema Paxson, maili mia na thelathini na tano,
na lami inaishia pale macho yanapoanza kuona mbali.
Alden akawasha kiashiria. Akakizima.
Akakiwasha tena, kulia.
"Alden," nikasema, "ukurasa wa saba."
"Najua. Niliusoma."

Sitaeleza yote.
Mengine nilifumba macho.
Mashimo yalitupokea na kutupokezana,
vumbi likapanda nyuma yetu, refu, la kijivu,
na tundra ya Agosti ilikuwa nyekundu
kama zulia alilolisahau mtu nje.
Dubu alitoka kwenye mierebi, akatutazama
kama karani anavyotazama saa ya kufunga,
akaenda zake.

Kwenye mto Maclaren, maji ya rangi ya saruji,
Alden alivua viatu.
Miguu myeupe! Miguu ya mtu wa mezani.
Akachuma beri za buluu kwa kofia,
akanilisha mojamoja,
mpaka midomo yetu ikawa ya watoto walioiba wino.

Siku ya sita tuliliosha gari mara tatu.
Alipiga mswaki bawaba za milango,
yeye, mume wangu,
akifuta ushahidi.

Anchorage. Mkaguzi, Bwana Nicolai, mtu wa maneno machache.
Alizunguka matairi, akainama, akainuka.
Akaingia ndani. Tukasikia droo.
Kila kijiko kilikuwa kimebeba fungu lake la vumbi,
laini, kama unga uliopimwa.
Akachovya kidole.
Alden akafumbua mdomo akiri, namjua,
lakini Nicolai alitangulia:
"Hili si vumbi la lami."
Kimya.
"Beri zimeiva?"
"Zimeiva," nikasema mimi.
"Bibi yangu alizaliwa ng'ambo ya mto ule.
Mwaka huu sijapewa likizo."
Akafunga droo taratibu, kama mlango wa chumba cha mtoto.
Kwenye fomu akaandika: Safi.
"Ila friji mtalipia dola ishirini.
Inanuka mayai."

Sasa tuko melini.
Kitanda ni kipana kuliko ile nyumba nzima.
Saa nane za usiku Alden yuko macho.
"Unasikia?"
"Nini?"
"Hakuna kinacholia."
Na jana, mezani, kabla ya supu,
alikiinua kijiko chake kwenye taa,
akakigeuza upande huu na huu,
akapitisha kidole.
"Kisafi," akasema,
kama mtu aliyenyimwa dai lake.