Uniti Nne

Kaileta kwenye flashi ndogo kuliko kifungo cha koti,
akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia,
kati ya chaki na futi kamba.
"Shangazi, albamu imekwisha. Nyimbo tisa."
Nikamuuliza, na bendi yako iko wapi?
Akacheka. "Bendi ni mie."

Miezi kumi na mmoja chumba changu cha uani,
hapa Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
kilikuwa studio, nami sikujua nina studio.
Alisimamisha magodoro mawili ukutani,
juu yake akatundika vitenge vya wateja wenye madeni,
ili sauti, alisema, isigonge ukuta ikamrudia.
Kompyuta ina ufa. Kinanda hakina kamba wala mvukuto,
kina vidude vya kuwaka, chekundu, kijani, chekundu,
na Mwantumu kainama juu yake, hedifoni masikioni,
akiimba peke yake kama mgonjwa wa homa.

Meneja wake alikuwa luku.
Umeme ukikatika katikati ya ubeti
ananyamaza, mdomo wazi.
Cherehani yangu ni ya miguu, haimsubiri mtu.
Nikaendelea na sare za shule, gizani, kwa mazoea,
nikasikia, "Usiache, shangazi. Kanyaga. Kanyaga hivyohivyo."
Simu kaielekeza kwenye miguu yangu.
Nikadhani ana haraka ya gauni.

Mzee Chambo, aliyepiga fidla enzi za vilabu,
alileta suruali ya kupunguzwa, akasimama mlangoni, akasikiliza.
"Huu si muziki," akasema.
"Hii ni korona iliyokosa mkonge."

Nilikuwa na pini mdomoni, sikumjibu.
Lakini mie nimezaliwa kambini.
Korona ilimla baba kidole, cha shahada, mkono wa kulia,
na kesho yake iliunguruma vilevile,
na mama, akianika singa juani,
aliushika mngurumo uleule akautia maneno,
ya mume, ya posho, ya mnyapara mwenye mguu wa tende.
Hakuna aliyemwambia mama
kwamba mashine haiimbiki.

Basi usiku nikaichomeka flashi kwenye redio.
Wa kwanza sikuuelewa.
Wa pili una mwanamume; nikamjua, nikasonya.
Wa tatu, miguu yangu!
Tiki-tiki-taka, sare za watoto wa Chuda
zinashonwa chini ya sauti yake,
na kila anapovuta pumzi nami nimefika pindo.

Wa saba nilikuwa nimesimama, nakunja vitambaa.
Akaingia mwanamke mwingine, mkali, kachoka.
"Mwantumu, zima taa, zimebaki uniti nne."
Ni mie huyo. Mwezi wa Ramadhani, saa nane za usiku.
Kanikata. Kachukua neno moja,
kalinyoosha kama kanga mbichi kambani,
kalipandisha, kalikunja, kalirudufu,
nikawa wanawake arobaini katika chumba kimoja:
zima, zima, zima, zima,
hata neno likachoka kuamuru,
likaacha kuzima,
likawa zima, kitu kizima,
hakijakatwa popote.

Nilikaa chini.
Miaka thelathini nawapima watu viuno,
sikuwahi kupimwa sauti.

Asubuhi akaniuliza anilipe nini.
Nikamwambia magodoro yangu, na vitenge vya watu,
na luku, uniti hamsini, si nne.
Akanibusu mkono wenye mtondoo.

Mzee Chambo kaja kuchukua suruali, redio inaendelea.
Hakusema kitu. Kalipa, kasimama tena mlangoni
mpaka ule wa saba ukaisha,
na kiatu chake cha kushoto, nilikiona,
kilikuwa kinakanyaga cherehani isiyokuwepo.

Mguu mmoja wa suruali nimeukata mfupi.
Atarudi. Nitamwambia ukweli:
nilikuwa najisikiliza.