Volti Hamsini na Sita

Nshoma amekuja na begi la bisibisi,
akapita ukumbini bila kuketi.
"Shikamoo."
"Marahaba."
Hapo ndipo maongezi yetu hukomea
tangu tulipomzika mama yake Usoke, huu mwaka wa nne.
Mimi si baba yake. Alikuja akiwa darasa la pili,
ameshika ndoo ya nguo zake mwenyewe.

Ukutani ipo inveta ya kijani,
niliyoinunua kwa kiinua mgongo cha reli.
Sakafuni ipo betri ngeni, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia,
mali ya kiwanda kingine kabisa,
imeshuka kwenye basi la Mwanza, imeviringishwa godoro.
Zile nne za maji zilivimba matumbo,
zikafa moja moja kama kuku wa kideri.
Muuzaji aliapa: "Hizi zinaoana, mzee."
Kuoana! Neno jepesi, dukani.

Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi,
cheche moja, ta!
kisha kimya.
Kioo cha inveta kikaandika: BETRI HAIPO.
Haipo vipi? Nami nimejikwaa nayo alfajiri,
kidole gumba kinapwita hadi sasa!

"Haiioni kwa sababu haiisikii,"
akasema, si kwangu, kwa ukuta.
Ipo kebo nyembamba ya nyaya nane:
huku husemea waya wa nne na wa tano,
kule husikilizia wa kwanza na wa pili.
Akaikata, akaimenya, akapanga rangi upya,
akabana kichwa kipya kwa plaizi.
BETRI HAIPO.
Akageuza.
BETRI HAIPO.
Na jua la Ipuli linamwagika bure juu ya bati.

Mimi nilifunga mabehewa miaka thelathini na moja
pale stesheni ya Tabora, reli inapopasuka,
mguu mmoja Kigoma, mguu mmoja Mwanza.
Nilisimama usiku kati ya chuma na chuma, taa mkononi,
nikisikiliza ndoana ikiingia mahali pake.
Sasa imekuja reli pana:
behewa la kwetu haliingii kule,
la kule haliingii kwetu,
mzigo ukifika hupakuliwa, hupakiwa,
na safari inaendelea.
Nilitaka kumwambia haya.
Nikamsogezea chai.

Akaichomoa kebo, akaikunja, akaitia mfukoni.
"Basi, zisiongee.
Tutaipa inveta namba tu."
"Namba gani?"
Akanitazama. Labda kwa vile sikutanguliza kukohoa.
"Ikifika hamsini na sita, iache kujaza.
Ikishuka arobaini na nane, iache kuchota.
Kusawazisha, zima.
Ile ni dawa ya betri za maji, kwa hii ni sumu.
Ndani ina mlinzi wake. Ikichokozwa, itajifunga yenyewe."
Nikaandika nyuma ya kalenda ya chama cha tumbaku,
kwa mwandiko wangu wa rejista, mistari miwili chini ya kila namba:
56.
48.

Feni ikavuta pumzi.
Friji ikakohoa, ikanguruma, ikatulia.

Hela ya ufundi alichukua nusu.
Dumu la asali ya Sikonge alilikataa,
akafika getini, akarudi, akalibeba.
"Jumapili nitapita kusoma namba."
"Ukiwahi saa sita, kutakuwa na ugali."
"Sikai sana."
"Sijasema ukae sana."
Akafunga geti taratibu, kwa mikono miwili,
jinsi mama yake alivyokuwa akilifunga,
nami sikulitaja jina.

Usiku nimeamka mara mbili,
nimekwenda pekupeku hadi ukutani.
Saa nane, hamsini na mbili nukta sita.
Saa kumi, hamsini na mbili nukta tatu.
Nimeziandika zote, na tarehe,
ili Jumapili akiuliza
niwe na la kusema.