Kopo la Korosho Ishirini

Kwanza niliwapa ramani,
nyuma ya kalenda ya mwaka juzi, kwa kipande cha mkaa:
hapa msitu wa Nyakalimba, hapa daraja lenye wivu,
hapa Litondo, mji ambao maji hupanda mlima yenyewe.
Joka hawakulibishia. Walibishia maji.
"Yapande yenyewe? Bila pampu?" akauliza Shangazi Somoe,
aliyebeba ndoo tangu barabara ya Newala ni vumbi tupu,
na usiku wa kwanza wote ukaishia bombani.

Dadu zenye pembe ishirini haziuzwi hapa sokoni.
Nikachukua korosho ghafi ishirini,
nikaziandika namba kwa rangi ya kucha ya wifi,
nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Unatikisa, unafumba macho, unachomoa.
Moja, umekwisha.
Ishirini, hata joka litakupisha.

Mchana mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi.
Naandika kilo za watu, natukanwa kwa kilo za watu.
Jumamosi baada ya isha natandika jamvi,
naning'iniza taa ya sola kwenye msumari wa saa iliyokufa.
"Uongo njoo," nasema.
"Utamu kolea!"
Na hapo mimi ndiye mvua, ndiye mlinzi wa lango,
ndiye mbuzi mwenye deni, ndiye kila adui.

Abilahi wa bodaboda alichagua kuwa mwana wa mfalme
anayekwenda kwa miguu. "Nimechoka kuendesha," alisema.
Binti yangu Sijaona, darasa la tano, ni mchawi wa siafu.
Mlango umefungwa? Siafu.
Malkia analia? Siafu.
Somoe nilimwambia achague silaha.
Akachagua kibaba cha kupimia.

Wiki tatu niliandaa vita vya joka,
kurasa kumi na moja za kaunta buku: moto wake, mkia wake,
udhaifu mdogo chini ya kwapa la kushoto.
Walipofika pangoni, Somoe akalisalimu.
Akaliuliza habari za nyumbani.
Kisha: "Dhahabu hii umeipimaje?"
Nikakoroma kama joka: "Kwa mizani yangu."
"Imechezewa," akasema, akinitazama mimi, si joka,
"kama ile ya kwenu chamani."
Abilahi alicheka mpaka akaangukia ramani.
Ikabidi mali ipimwe upya, mbele ya mashahidi.
Ikapungua.
Joka likaomba muda wa kulipa.
Kurasa zangu kumi na moja nikawashia jiko asubuhi,
na chai ile, sijui kwa nini, ilikuwa tamu.

Kuna mchezaji wa nne.
Mdogo wangu Mshamu alikuja Jumamosi nne tu,
mpiga ngoma anayeweza kuamsha mawe,
kisha akavuka Ruvuma kufuata machimbo,
akamwacha mtu wake amelala chini ya daraja lenye wivu.
Simu yake siku nyingine huita.
Kanuni niliiandika mwenyewe, ukurasa wa pili, kwa wino mwekundu:
asiyekuja mara tatu, mtu wake hufa.
Hakuna aliyenikumbusha.
Wanambeba kwa machela, tangu mikorosho inapuliziwa salfa
hadi sasa mabibo yanaoza chini.
Siafu wa Sijaona humfukuzia inzi.
Somoe humkatia fungu katika kila faida,
hata ile ya joka, inayolipwa kidogo kidogo.

Jana zamu ilipomaliza kuzunguka
Sijaona alilitikisa kopo tena.
"Hii ya Mjomba."
Akachomoa, akaifumbata, hakutuonyesha.
Somoe akajifanya anatafuta kandambili.
Na mimi, ambaye ni mvua na lango na joka,
sikumwambia afumbue mkono.

Nilipokunja jamvi nikazihesabu: kumi na tisa.
Ningeweza kuzipanga nijue ni ipi haipo.
Nikafunika kopo.