Swali la Nne

Barua ya kaka ilitoka Kimamba, kwenye mkonge,
imekunjwa mara nne, inanuka mafuta ya taa.
Nilikuwa darasa la tatu, Kibaigwa.
Niliisoma mbio, sikusimama hata penye nukta.
Mama aliendelea kupepeta.
"Umesoma. Sasa niambie: anakula?"
Nikatafuta neno kula. Halikuwamo.
"Soma tena," akasema, "taratibu,
pale anaposalimia mbuzi."

Huo ndio mtihani wa kwanza niliofeli,
na labda kwa kuufeli nikaajiriwa kupima wengine.

Miaka ishirini na tisa:
Bahi, Mvumi, Mlali, Haneti, Farkwa,
vumbi jekundu ndani ya soksi,
penseli mbili, fomu zilizobanwa kwenye ubao,
stopwachi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu.
Sekunde sitini. Anza.
Watoto walisoma kama wanaokimbizwa na nyuki.
Maneno tisini! Mia na nne!
Mwalimu mkuu dirishani anatabasamu,
nami nauliza, "Nani alipotea?"
na mtoto ananitazama viatu.
Nikajifunza kuandika sifuri
ndogo, nadhifu, isiyomtisha aliyekaa mbele yangu.
Zilijaza makabati. Zikawa asilimia,
asilimia zikawa semina, semina zikawa chai na sambusa
katika ukumbi wenye feni, Dodoma mjini,
bwana mmoja wa suti akiuliza kama mstari wa grafu
hauwezi kupanda kidogo tu.

Haukupanda. Nilikataa. Hilo naomba lihesabiwe.

Leo napanga maboksi, nakabidhi funguo,
na fomu moja imegoma kuingia na wenzake.
Nyemo Chilongani, miaka tisa, Chipanga, mwezi wa tano.
Kifungu kilisema: Mama alianika uwele.
Mawingu yakatanda. Mvua ikanyesha.
Swali la nne: Mama alijisikiaje?
Jibu letu, lililopigwa chapa mjini:
Alifurahi, kwa sababu mvua ni neema.

Maneno kumi na tisa kwa dakika, basi,
kidole kikivuta kila silabi kama ndoo kutoka kisimani.
Kisha akainua uso.
"Alikimbia."
Nikarudia swali, mara moja, kanuni inavyoruhusu.
"Alikimbia. Uwele uko juu ya tembe,
na ngazi ameiazima shangazi."

Kifungu hakikuwa na ngazi. Wala shangazi.
Nikaandika sifuri.
Gari lilikuwa linanguruma,
tulitakiwa Kigwe kabla ya saa sita.

Takwimu haifutwi. Nimewafundisha hivyo vijana wangu wote,
mmoja nilimfukuza kazi kwa ajili ya raba.
Sasa raba iko kiganjani mwangu, nimeketi sakafuni,
naisoma sifuri ile kama ilivyostahili barua ya kaka,
taratibu,
na chumba kinaingia giza kabla ya wakati wake.

Getini, mlinzi Msanjila ameanika karanga
juu ya paa la kibanda chake.
Amesinzia. Redio inajiongelesha.
Tone la kwanza limegonga bati.

Nimetoka mbio, fomu ingali mkononi,
napiga kelele kama mtu asiyejua kusoma:
ngazi, Msanjila, ngazi iko wapi?