Daftari Lililolowa

Nilitaka kuandika barua ya kuacha kazi,
nikakosa karatasi.
Mto Nyamwamba ulikuwa umepita na meza,
na viti kumi na vinne,
na mimbari aliyoichonga marehemu Masereka,
na godoro langu.
Lililobaki ni daftari la ubatizo,
lilinasa katika matawi ya mkahawa,
limevimba kama mkate uliotumbukia chai.

Nililianika siku nne juu ya mabati ya kanisa.
Yalirudi saba kati ya thelathini.

Nyuma kabisa nikapata ukurasa mweupe.
Nikaandika: Mheshimiwa Kanoni,
miezi tisa sijaona posho.
Jumapili iliyopita tulikuwa wanne,
na mmoja alikuja kuomba chumvi.
Waliohamia kambini wanasali kwa wenye spika kubwa,
huko wanaahidiwa nyumba na gari.
Mimi niwaahidi nini? Uji?
Mume wangu asema jembe la Injili halipalilii mihogo.
Kwa hiyo, kwa unyenyekevu

Hapo kalamu ikagoma.
Usidhani ni muujiza. Wino ulikwisha tu.

Nikawa naisugua kiganjani, naipulizia,
na kurasa zikijifungua zenyewe kwa upepo.
Mbambu, binti wa nani? Maji yamemla baba.
Nguru na Ndobya, mapacha,
wameganda ukurasa kwa ukurasa, hawaachani.
Thembo amebaki Th.
Na mmoja hana hata herufi,
ni doa la bluu lenye umbo la kisiwa,
na pembeni mwandiko wangu mwenyewe:
alilia sana.

Alilia sana. Nani?

Usiku huo sikulala. Nilihesabu watoto.
Kulipopambazuka nikavaa gambuti za mume wangu,
nikapanda njia ya Bulembia, daftari kifuani,
nikibisha hodi kila penye mlango,
na pasipo na mlango nikikohoa.
"Mtoto gani wa hapa alilia sana siku ya ubatizo?"
Kina mama wakacheka, kicheko cha kwanza nilichosikia tangu mafuriko.
"Wote walilia, Masika! Maji yale ni ya theluji!"

Ni kweli. Tuliyachota mto uleule.
Hilo sijalimaliza na Mungu.
Nimemwambia.

Ithungu hakucheka.
Alisimama mlangoni akanitazama gambuti, kisha daftari.
"Mwenye jina amekwenda na maji.
Jina mtalifanyia nini?"
Akafunga.
Sikuwa na jibu, na hata sasa sinalo.
Mistari ninayoijua kwa moyo ilinikauka kinywani,
nikaketi kizingitini kama mtu anayedai deni.
Mvua ikaanza. Nikalifunika daftari kwa kitenge.
Mlango ukafunguka, kikatoka kigoda,
baadaye kikombe cha chai isiyo na sukari,
baadaye sana, sauti:
"Ni Bwambale. Andika.
Ndiye aliyelia."

Nikamwambia sina kalamu.
Akaingia ndani, akakawia,
akaleta penseli fupi
iliyotafunwa mwisho wake kwa meno madogo.

Niliandika polepole, herufi nane,
naye akiuangalia mkono wangu.

Watu husema nimeitwa.
Mimi sikuwahi kusikia sauti, hata siku waliponivisha kanzu.
Ninachokijua ni kuita:
jina moja, halafu linalofuata,
halafu lile ambalo hakuna tena wa kuliitikia.

Barua ingali mle, ukurasa wa mwisho,
imeishia kwenye unyenyekevu.
Sijaichana. Kuna asubuhi naisoma yote
na nakubaliana nayo, neno kwa neno,
kisha nafungua mbele, pa Thembo,
maana mama yake yuko Hima kwa dada yake
na nauli nimekopa.

Posho haijaja. Mihogo ina magugu.
Jumapili tulikuwa sita.
Ithungu alikaa karibu na mlango.
Hakuimba.